Baridi Unayokwenda Nayo Salamabila

Apolina, mama yangu,

Gari limeoshwa, chupa mbili za gaz ya kupikia zimefungwa kwa kamba ambayo hata mimi niliyeifunga sijui nitaifunguaje, na mama yako yuko jikoni anakaanga samaki kana kwamba unapelekea jeshi chakula. Mimi nimeambiwa nikae mbali nisisumbue watu wanaofanya kazi. Basi nimekaa barazani na kalamu ya mdogo wako, nikuandikie kabla giza halijaninyang'anya karatasi.

Maagizo hutayaona humu. Saa za sindano zako unazijua kuliko mimi, na namna ya kuitoa frigo, friji yetu ya garini, kwenye gaz kuipeleka kwenye betri, au kwenye umeme, uliijua hata kabla hujamaliza shule ya msingi. Nikianza kukufundisha tena, karatasi hii utaiwashia makaa ya jiko, na sitakulaumu. Ninachotaka kukueleza ni kwa nini kesho sipandi gari hilo pamoja nawe. Begi langu uliliona kwenye kiti cha mbele tangu juzi. Uliliona, ukalisogeza kidogo upate nafasi ya mto wako. Leo mchana nimelitoa. Nimeshawatangazia watu wa mtaa mzima kwamba namsindikiza binti yangu Salamabila kwenye kazi yake mpya na nitakaa naye mpaka azoee, kwa hiyo sababu yake uijue wewe kwanza, kabla hawajaanza kunicheka.

Naanzia mbali, maana mengine yalitokea ukiwa mdogo na mengine umeyasikia kwa mama yako, ambaye akisimulia huongeza chumvi.

Gari hilo sikulinunua kwa ajili yako. Wakati huo nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa hapa Kasongo. Mzungu mmoja na mke wake walikuwa wakivuka nchi nzima na nyumba yao juu ya magurudumu: kitanda ndani, sinki ndani, jiko ndani, frigo ndani. Tope la njia yetu lilivunja sanduku la gia lao, wakakaa wiki wakingoja kipuri ambacho hakingekuja, mwishowe wakaniuzia, wakaondoka kwenye pikipiki mbili wakiwa wamefunika nyuso kwa vitambaa kama wezi. Mimi nilitaka injini tu. Nilikuwa na wazo la kuifungia kinu cha kusaga muhogo. Kabla ya kuondoka, yule mama alinishika mkono akanipeleka mbele ya frigo, akanionyesha kitufe kimoja chenye picha tatu: moto, betri, na kichwa cha waya wa umeme. Akakigeuza huku na huku, akinitazama machoni kuona kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moyoni nilikuwa nacheka. Nani anahitaji jiko la ndani ya gari mahali ambapo kila nyumba ina uwanja wa kupikia? Baada ya wiki chache kuku walikuwa wanalala kwenye kitanda cha Mzungu, na mama yako anaweka sahani kwenye frigo.

Halafu wewe ukaanza kunywa maji.

Ulikuwa unakunywa ndoo. Ukakonda mpaka nguo ya shule ikawa ya mtu mwingine. Watu wakasema walivyosema, na mimi nilisikiliza baadhi yao, maana mzazi akiogopa husikiliza hata mbuzi. Daktari wa hospitali ndiye aliyetuambia ni sukari. Akatupa vichupa vidogo vya insulini, akasema: "Papa, dawa hii inaomba baridi. Haipende joto, na haipende kuganda. Kati ya digrii mbili na munane, njo vile." Nikamwuliza, "Baridi ya wapi, Dokta? Hapa Kasongo?" Akainua mabega yake, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa na uchungu. Tukavitia vichupa kwenye mtungi wa maji kivulini, na siku hiyo hiyo nikawafukuza kuku kwenye gari.

Mpaka leo kuna watu wananibishia kwamba moto hauwezi kuleta baridi. Wewe hukubisha hata siku ya kwanza. Ulilala kifudifudi nyuma ya gari, ukakitazama kile kimoto cha bluu kwenye tundu lake, ukasema, "Papa, inachemsha nini?" Hilo ndilo swali lenyewe, na mimi mtu mzima sikuwa nimeliuliza. Kinachochemshwa ni maji yenye amonia ndani ya mabomba. Mvuke unapanda, unapoa juu ukawa majimaji, unashuka taratibu kwa uzito wake, na unaposhuka unachukua joto la ndani ya sanduku unaondoka nalo. Hakuna injini, hakuna kelele. Picha zote tatu kwenye kitufe zinafanya kazi moja tu, kupasha moto bomba lile lile: gaz kwa mwali, betri na umeme kwa waya unaowaka kama pasi. Tulikaa pale mimi na wewe mpaka tukaelewa, tukitumia kijiti kuchora mchangani. Nakuambia wazi kwamba hiyo ni moja ya siku nzuri za maisha yangu, ingawa ulikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa na hofu.

Kuelewa tulielewa. Lakini mimi nimekosea vibaya zaidi baada ya kuelewa kuliko kabla yake, na hapo ndipo penye mafunzo yangu, kama ninayo.

Unakumbuka matanga ya mzee jirani yetu, aliyekuwa katekista. Hapa kwetu matanga yakitokea, mwenye kitu hukileta. Mwenye sufuria analeta sufuria, mwenye viti analeta viti, na mimi nilikuwa na gari lenye betri mbili kubwa na taa. Nikaliingiza uwanjani kwao. Wanakwaya wakaunganisha spika yao, watu wakaunganisha simu zao, waya zikawa nyingi kama mizizi. Na frigo nayo nilikuwa nimeiweka kwenye betri, ili niokoe gaz, maana chupa zilikuwa zinatoka Bukavu na hazikuwa zinatoka kila mwezi. Nilijua kabisa kwamba frigo ikiwa kwenye betri inakula kama fisi, na kwamba betri ni ya kuitumia gari likiwa linatembea, injini ikiwa inairudishia chakula chake. Nilijua, Apolina. Kulipokucha nikawasha gari likasema "tk" moja tu. Waombolezaji wakaacha kilio wakaja kulisukuma, wanaume wazima wenye vitambaa vya msiba vichwani, wakicheka mpaka mjane mwenyewe akacheka. Mimi niliwagombeza wanakwaya. Niliwaambia wamekula betri yangu na nyimbo zao. Spika yao ilikunywa sehemu tu; frigo yangu ndiyo iliyomaliza, na kitufe nilikigeuza mwenyewe.

Dawa iliokoka kwa sababu mama yako alishaichukua mapema akaipeleka kwenye maji ya chemchemi bila kuniuliza. Nilichokosa siku ile si ujuzi. Nilishindwa kusimama mbele ya watu waliofiwa nikasema, "Taa nawapa, spika hapana." Niliona aibu. Huko unakokwenda watakuomba kila siku. Wachimbaji wa dhahabu wa huko watakuletea chupa zao za pombe uwapozee, mama mwuza samaki atakuja na kapu, na wote watakuwa watu wazuri wenye shida ya kweli. Wape nafasi ikiwepo. Isipokuwepo, sema haipo, na usikasirike unaposema. Mimi niligundua kwamba hasira yangu nyingi hutoka pale ninaposema "ndiyo" nisiyoitaka.

Sasa komunyo yako ya kwanza. Mama yako anataka tuisahau, lakini mimi siwezi kukuandikia barua nikairuka.

Kwetu mgeni akija kwenye sikukuu, ukimpa maji ya mtungi umemkaribisha, lakini ukimpa maji yanayouma meno umemheshimu, na ataieleza habari hiyo mpaka ng'ambo ya mto Lualaba. Siku ile nilikuwa mtu pekee mtaani mwenye barafu. Paroko aliturushia waya kutoka kwenye jenereta yao, na frigo ikawa inakula umeme kwa raha, bila kuwaza gaz wala betri. Nikakaza baridi mpaka mwisho. Wajomba zako wakaleta makasha ya soda, shangazi yako kutoka Nyangwe akaleta jus ya nanasi, nami nikawa napanga na kusukuma, kusukuma na kupanga, mpaka vichupa vyako vikafika nyuma kabisa, kwenye lile bati la baridi. Watu wakawa wananipigia makofi. "Papa Apolina, maji yako inauma meno!" Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Sijawahi kujisikia mkubwa namna ile.

Jioni nikafungua nikakuta vichupa vimekuwa mawe. Nikavishika kwenye kiganja, vikayeyuka, nikavitazama kwenye mwanga: dawa ilikuwa vile vile, maji safi, haina doa. Nikajiambia, kama samaki aliyeganda bado ni samaki, dawa iliyoganda bado ni dawa. Daktari aliniambia isigande, lakini aliniambia pia isipate joto, na mimi kwa maisha yangu yote nimejua adui mmoja tu wa chakula na dawa, jua. Mtu aliyezaliwa hapa hawezi kuogopa baridi. Nikakuchoma ile dawa, na kesho yake, na keshokutwa, na sukari ikapanda kama vile nakuchoma maji ya kisima. Ulirudi kwenye ndoo. Tulikukimbiza hospitali huku pumzi yako inanuka matunda yaliyoiva sana. Daktari alipouliza dawa ilikuwa wapi, nikamweleza, na hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ulipofungua macho siku ya pili, ulinikuta nimekaa chini pembeni ya kitanda, nalia waziwazi mbele ya wauguzi. Ukaniambia kwa kisauti kidogo, "Papa, acha kulia. Kumbe dawa nayo ilienda ku sikukuu." Wauguzi wakavunjika mbavu. Mimi nikalia zaidi. Ulikuwa mtoto wa komunyo ya kwanza, na wewe ndiye uliyenibembeleza.

Tangu hapo nikawa askari. Nilinunua kipimajoto, nikakitundika ndani, na ole wake atakayefungua mlango bila ruhusa. Nyanya za mama yako zilihamishwa. Maji ya wageni yakarudi mtungini. Niliacha kazi ya udereva wa safari ndefu, nikabaki na safari za hapa karibu, ili jioni niwe nyumbani nikague mwali. Wewe ulikuwa hulali kwa shangazi, huendi kambi ya vijana wa parokia, huendi popote ambapo gari hili haliwezi kwenda na mimi ndani yake. Nilijisifu kwa hilo. Watu walisema, "Yule baba anampenda mtoto wake," na ni kweli, nakupenda mpaka inaniuma. Lakini kidogo kidogo nikaanza kuamini kwamba baridi ni mimi. Kwamba nikigeuka nyuma tu, itakwisha.

Na ulinzi wenyewe ulikuwa na matobo yake, au tuseme ulikosa tobo. Unacheka? Kile kitundu cha sakafuni karibu na jiko, kilichotobolewa na waliotengeneza gari, mimi nilikiziba. Hapa kwetu nyumba yenye tundu chini inaita nyoka, na siafu, na panya; hakuna baba wa familia atakayeona tundu sakafuni akaliacha. Niligandamiza kitambaa, nikaweka na bati juu. Kumbe gaz ikivuja haipandi kama moshi. Ni nzito, inatambaa chini kama maji, na kile kitundu ndicho mlango wake wa kutokea. Siku panya alipotafuna mpira unaopeleka gaz jikoni, gaz ilijaa sakafuni hadi vifundoni, na mama yako ameshika kiberiti. Pua yake ndiyo iliyotuokoa. Alitoka mbio akikuvuta wewe, akasimama uwanjani, akaniita kwa jina langu lote la ubatizo. "Umetufungia kifo ndani, halafu unajiita mulinzi!" Kitambaa alikitoa kwa mkono wake mwenyewe. Wavu mdogo wa chuma uliopo pale leo ni wazo lake: nyoka haingii, gaz inatoka. Mimi wakati ule nilikuwa nimekasirika kwa sababu amenigombeza mbele ya majirani.

Basi barua yako ya kazi ikafika. Mwalimu wa darasa la tatu, Salamabila. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi niliuliza kama kuna umeme. Uliposema utaishi kwenye gari uwanjani mwa shule, na kwamba utaliendesha mwenyewe nyuma ya malori ya bidhaa mpaka Kabambare na kuendelea, nikasema vizuri, na mimi nakwenda. Ukasema, "Papa, niache kwanza nijaribu. Nitakaa Nyangwe ku kwa shangazi, mu gari, peke yangu. Dawa ikiharibika, utakuja na miye Salamabila, ukae mpaka uzeeke. Lakini usinifuate." Nikaapa sitakufuata.

Siku ya tatu nilipanda pikipiki kwenda Nyangwe kununua samaki.

Nilikuona kwa mbali umekaa na akina mama karibu na mitumbwi, mnakula. Gari lilikuwa kwenye mteremko, na nikafurahi kidogo, nikasema ameshakosea, kwa sababu frigo ikiinama yale maji ya ndani hayajui njia ya kurudi na baridi inakufa. Nikakaribia nikaona umeweka mawe bapa chini ya magurudumu ya upande wa mto, na ndani, juu ya frigo, kisahani cha maji kimetulia sawasawa, hakijamwagika upande wowote. Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja kwenye tundu la moshi.

Palikuwa baridi kama ukuta. Mwali umezimika.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua akina mama wote walisimama.

"Papa?" ulisema. "Unatafuta nini huku?"

"Samaki."

"Samaki iko ku mutoni, haiko nyuma ya frigo."

Wakacheka wote, na shangazi yako kuliko wote. Mimi sikucheka. "Apolina, moto umezimika! Dawa iko wapi?"

"Nilizima miye mwenyewe, Papa. Kaa chini kwanza, ukule."

"Sitaki kula! Dawa!"

"Chupa ya kwanza iliisha. Ya pili nilipaka sabuni ku robine, pale pa kufungulia gaz, nikaona mapovu inatoka. Inavuja. Sikutaka kulala na gaz inavuja. Njo sababu nikafunga zote. Betri sikuweka, gari halitembei, ingekufa. Dawa ninayotumia iko mu kamutungi, nafunika na kitambaa cha maji. Ile ingine yote iko ku santé."

"Ku santé? Kwa nani?"

"Kwa muganga wa kituo cha afya. Iko na frigo ya jua, ya chanjo. Aliniwekea, akaandika jina langu juu."

"Ulimjulia wapi huyo muganga?"

"Sikumujua," ulisema. "Nilimusalimia."

Ulisema hivyo huku unachambua mwiba wa samaki, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Mimi nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Shangazi yako akaniwekea sahani kwenye magoti na nikala bila kujua ninachokula. Mapovu ya robine yalikuwa kosa langu, maana chupa ile nilikukabidhi mimi na nikasema nimeipima. Lakini si hilo lililonikalisha. Nilikuwa nahesabu moyoni safari zangu zote za Nyangwe nikiwa nawe na lile gari, nikikimbia kurudi Kasongo kabla gaz haijaisha, kwenye kona ile ile, mbele ya mlango ule ule wa santé wenye vioo vya jua juu ya bati. Nilipita pale miaka na miaka na roho yangu juu. Nilikuwa sijawahi kusimama nikasema, "Jambo."

Tena hukuishia hapo. Tulipokuwa tunakunywa chai ukaniambia umeshauliza habari za Salamabila kwa mchuuzi wa dhahabu aliyeshuka na mtumbwi: nani ana jenereta, nani ana frigo ya jua, chupa za gaz hufika kwa njia gani mvua ikinyesha. Ulikuwa na majina. Mimi katika kupanga kwangu kote nilikuwa na mpango wa gaz, wa betri na wa umeme, na mpango wa kulala kwenye kiti cha mbele nikiulinda. Majina sikuwa nayo hata moja.

Nilirudi nyumbani bila samaki. Mama yako aliniangalia mikono, akauliza, "Sasa samaki iko wapi?" Nikasema wameisha mtoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Unajua mama yako, hata leo akiosha vyombo anacheka peke yake, na mimi najua anacheka nini.

Ungedhani baada ya hapo begi nisingelifunga. Nililifunga. Kichwa changu kigumu, wewe unakijua, umekirithi. Nilijiambia Nyangwe ni kwa shangazi, Salamabila ni machimbo, watu wametoka kila upande, huyu anasali kwa namna hii na yule kwa namna ile, na usiku hakuna anayemjua mwenzake. Hofu hiyo si ya uongo na sitaifuta kwa sababu tu unajua kupaka sabuni. Bado ninayo ninapoandika.

Lakini leo mchana ulikuwa unapakia. Nilisimama karibu na mlango, mahali ambapo ungenipata kwa urahisi. Ulikagua mpira wa gaz, ukauinamisha, ukaupeleka mwangani. Ulipaka povu kwenye robine mpya, ukangoja. Ulitazama kipimajoto. Ulisogeza vichupa vyako mbali na lile bati la nyuma, ukaweka kipande cha kadibodi katikati, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Ulipiga magoti ukapuliza vumbi kwenye wavu wa sakafuni. Muda wote huo nilikuwa nimesimama pale na majibu yamenijaa mdomoni, nangoja swali. Hukuuliza hata moja. Ulipomaliza ukanigeukia, ukaniuliza kama nimeshakula.

Nikajua kwamba ninapolazimisha kwenda Salamabila, si wewe unayehitaji mtu wa kukulinda. Ni mimi nisiyejua nitafanya nini asubuhi. Nimekuwa baba wa frigo kwa muda mrefu mno. Kukuwekea mzigo huo kwenye kiti cha mbele, ukauendeshe juu ya madaraja yale mabovu huku ukijifanya hujauona, isingekuwa haki. Nikalitoa begi. Mama yako aliponiona napita nalo uwanjani alinishika mkono, naye si mtu wa kushika mkono mchana.

Sasa nasema la mwisho, giza limeshafika kwenye mstari huu. Utakosea huko. Utaacha betri ifie mlimani, au utamwamini mtu wa gaz asiyeaminika, au utafurahi siku moja kama nilivyofurahi mimi kwenye shati jeupe, ukasahau. Likitokea, usilifiche ukakaa nalo peke yako kwenye gari. Mgongee mtu mlango, hata kama ni saa mbaya. Na dawa ukiitilia shaka, itupe, hata ikiwa safi kama machozi. Tutapata nyingine, hiyo ni kazi yangu na bado naiweza. Ukinipigia simu, usianze na digrii za frigo. Nieleze watoto wa darasa lako wanaitwa nani.

Kesho nitatoka asubuhi kama kawaida yangu, miguu itanipeleka yenyewe. Pale gari linaposimama majani hayajawahi kuota, kuna ardhi tupu yenye umbo lake, na kuku watakuwa wanazunguka wakitafuta kivuli chao. Nitasimama hapo kidogo. Usiniwazie vibaya ukiwa njiani. Halafu nitarudi ndani ninywe chai na mama yako, kwa sababu mtoto wetu ni mzima, na yuko safarini.

Baba yako,
anayebaki Kasongo